Dondoo muhimu: Ngozi ya mbwa inapowasha

Kitengela na Kajiado, ambako mbwa wengi hulala karibu na zizi, muwasho mara nyingi huletwa na kupe, viroboto au upele wa utitiri, yaani vijidudu vinavyochimba ngozi.

1. Mfugaji apekue masikio, kwapa na katikati ya vidole, kisha amng'oe kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, bila kumpaka mafuta ya taa.
2. Oili chafu ya gari, ambayo wengi bado huisifu, isipakwe kamwe, kwa kuwa huunguza ngozi, na mbwa anapojilamba huimeza ikawa sumu tumboni.
3. Dawa ya josho iliyochanganywa kwa kipimo cha ng'ombe isitumiwe.
4. Palipochubuka paoshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yaliyotiwa kijiko kidogo cha chumvi kwa nusu lita, kisha pakaushwe vizuri, hasa wakati wa mvua, tope jeusi la Kitengela linapoganda kwenye manyoya na kuhifadhi unyevu.
5. Matandiko yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani.
6. Manyoya yakinyonyoka, au watu wa nyumbani wakianza kujikuna, daktari wa mifugo aitwe, maana aina mojawapo ya upele huo huambukiza binadamu.