Cheti cha Shule na Neema ya Ubatizo



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, katika nyumba nyingi, tangu Arusha mjini hata kwenye migomba na mibuni ya mitelemko ya Mlima Meru, huwa shangwe. Na katika nyumba nyingine huwa kimya. Somo letu la mwezi huu lahusu nyumba zile zenye kimya.

Alikuja kwetu binti mmoja wa upande wa Meru, mwenye umri wa miaka 17. Akatuamkia, akakaa kitambo pasipo kusema neno, ndipo akatoa daftari lake la shule. Katika kurasa za mwisho, nyuma ya hesabu na ramani, alikuwa ameandika mawazo yake juu ya masomo, juu ya imani na juu ya kazi za kila siku. Ametupa ruhusa kuyaeleza, ila tusitaje jina lake wala usharika wake.

Ameandika ya kwamba kwa miaka minne aliamka kabla ya jogoo, akakata majani ya ng'ombe, akachota maji, akafagia ua, kisha akashika njia ya shule. Wakati wa masika alivua viatu akavichukua mkononi, maana udongo wa mlimani huteleza na kunata. Jioni alipika, akaosha vyombo, akasoma mpaka usingizi umemshinda. Jumamosi alikwenda mazoezi ya kwaya ya vijana, na Jumapili aliimba. Alipata kipaimara akiwa na miaka 14. Naye hakufaulu mtihani wake.

Katika daftari lile tulikuta maswali matatu. La kwanza: je, Mungu hutazama kazi ya shule na kazi ya nyumbani, au hutazama ibada tu? La pili: niliomba kila usiku kwa ajili ya mtihani, na mwenzangu asiyeomba amenipita, je, sala zangu zilikwenda wapi? La tatu: Jumapili ile waliofaulu waliitwa mbele wakapigiwa makofi, nasi wengine tukabaki vitini, tangu siku hiyo naona haya kuimba, je, mahali pangu kanisani ni wapi?

Ndugu wapendwa, maswali haya si ya mtoto mmoja. Hatuna budi kuyajibu. Lakini kwanza tutazame jinsi sisi wenyewe tulivyofika hapa.

Katika nchi yetu ya Meru na Arusha, shule na kanisa viliingia kwa mlango mmoja. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, pamoja na Wachaga kadhaa waliofuatana nao. Hata hivyo kazi haikuachwa. Mwaka 1902 misioni ilianzishwa Nkoaranga kwa Wameru, na mwaka 1904 Ilboru kwa Waarusha. Aliyetaka ubatizo alifundishwa pia kusoma, ili aweze kulisikia Neno la Mungu kwa macho yake mwenyewe kama alivyolisikia kwa masikio. Basi ikawa kwamba mtu aliyeshika kitabu na mtu aliyebatizwa walikuwa mara nyingi mtu yule yule.

Jambo hilo lilikuwa jema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini ndani yake limo kosa lililojificha. Baada ya vizazi kadhaa twaanza kudhani kwamba aliyefaulu shuleni ndiye aliyebarikiwa, na aliyeshindwa ndiye aliyeachwa. Hatulisemi kwa midomo, bali twalisema kwa makofi yetu.

Sasa na tulijibu swali la kwanza. Katika Luka 2 twasoma habari za Yesu alipokuwa na miaka 12. Aliketi hekaluni kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Angalieni, hakuona aibu kuuliza. Kisha akashuka na wazazi wake mpaka Nazareti, akawatii. Mwinjili haelezi ya kwamba siku zile za Nazareti zilikuwa pungufu mbele za Mungu kuliko siku zile za hekaluni. Mahali pote pawili alikuwa Mwana yule yule.

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani, akiwaonya waanzishe shule kwa wavulana na kwa wasichana. Wazazi wengine walisema watoto wao wahitajiwa kazini. Luther akajibu kwamba mtoto aweza kwenda shule kwa saa chache kila siku na kufanya kazi ya nyumbani katika saa zilizosalia. Kwake yeye kazi zote mbili zilikuwa wito. Alifundisha mara nyingi kwamba mtumishi wa nyumbani, afanyapo kazi yake kwa imani, amtumikia Mungu kweli kweli.

Kwa hiyo, binti yetu, majani uliyokata alfajiri hayakuwa kizuizi cha utumishi wako. Yalikuwa sehemu yake. Na hesabu ulizozisumbukia usiku zilikuwa sehemu yake vilevile. Lakini hapa tuna neno kwa wazazi. Luther alitaka saa zigawanywe kwa haki. Mkimtwika binti kuni, maji, majani na chungu, huku kaka yake ameketi na kitabu, kisha mkamlaumu kwa matokeo yake, mwamwonea. Wito hauwi kisingizio cha kumlemea mtoto mmoja.

Swali la pili ni gumu zaidi. Katika Danieli 1 twasoma juu ya vijana wanne waliohamishiwa Babeli. Walifundishwa maandiko na lugha ya Wakaldayo kwa muda wa miaka 3. Mungu aliwapa maarifa. Lakini aliwapa wakiwa wamekaa chini wanajifunza. Sala yao haikukaa mahali pa kujifunza, wala kujifunza kwao hakukukaa mahali pa sala. Mkulima huomba mvua, naye hulima. Akiomba pasipo kulima, magugu hayatang'oka kwa kuwa ameomba.

Tena yako mambo ambayo sala haikuahidiwa kuyafanya. Sala si rushwa. Hatumpi Mungu sala ili naye atupe daraja la kwanza. Kama ingekuwa hivyo, basi kila aliyefaulu angekuwa mwombaji, na kila aliyeshindwa angekuwa mwenye sala haba. Nasi sote twajua kwamba sivyo. Shule moja ina walimu wa kutosha, nyingine haina mwalimu wa hisabati mwaka mzima. Mtoto mmoja alala akiwa ameshiba, mwingine asoma akiwa na njaa. Mambo haya nayo huonekana katika matokeo, wala hayapimi imani ya mtu.

Je, basi tusiombe? Tuombe sana! Asubuhi ya mtihani na tuombe moyo uliotulia, na kumbukumbu, na uaminifu. Maana aliyeomba usiku, kisha akaingia mtihanini na kikaratasi alichokificha, ameikana sala yake kwa mkono wake. Lakini aliyeomba, akaandika kwa uaminifu, akashindwa, huyo sala yake haikupotea. Ameshindwa mtihani, hakushindwa na uongo. Bwana wetu naye aliomba Gethsemane kikombe kimwepuke, hakikumwepuka, wala Baba hakumwacha kumpenda.

Sasa twafika kwenye swali la tatu, nalo latuhusu sisi watu wazima kuliko binti huyu. Mahali pake kanisani ni wapi?

Wazee wetu wa Meru na wa Arusha walikuwa na rika. Kijana alipotahiriwa aliingia katika rika lake pamoja na wenzake, naye alikuwa mtu wao hata uzeeni. Mmoja alikuwa hodari wa mifugo, mwingine wa maneno barazani, mwingine hakuwa hodari wa lolote lililojulikana. Lakini rika lilikuwa lao wote. Ikiwa wazee walijua hivyo kwa desturi yao, je, sisi tuliobatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu tutajua pungufu? Katika Galatia 3 mtume Paulo anafundisha kwamba waliobatizwa katika Kristo wamemvaa Kristo, na hivyo ni wana wa Mungu wote pamoja kwa imani. Hakuweka daraja la kwanza wala la nne. Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, yafundisha kwamba ubatizo ni jambo la kila siku: kila asubuhi Mkristo aweza kuurudia na kuinuka akiwa mtu mpya. Cheti hutolewa mara moja. Neema hii hutolewa kila kunapokucha.

Tena vipimo vya wanadamu hubadilika. Kumbukeni matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012. Yalipotangazwa Februari 2013, wapata 6 katika kila watahiniwa 10 walikuwa na sifuri. Nchi nzima ikafadhaika. Serikali ikaunda tume, ikayafuta matokeo yale, na mwezi wa Mei yakapangwa upya. Maelfu waliohesabiwa wameshindwa wakaonekana wamefaulu. Karatasi walizoandika hazikubadilika hata nukta moja. Kilichobadilika ni kipimo. Hatusemi haya ili kuidharau mitihani. Nchi yahitaji waganga na wahandisi waliopimwa vema. Twasema tu kwamba kipimo kiwezacho kubadilika kati ya Februari na Mei hakiwezi kuwa neno la mwisho juu ya nafsi ya mtoto. Neno la mwisho Mungu alilisema alipomwita kwa jina lake penye maji ya ubatizo.

Wala tusisahau shule ni kwa faida ya nani. Mwaka 1951 Wameru walipoondolewa kwa nguvu katika mashamba yao ya Engare Nanyuki, walimchagua Kirilo Japhet, naye mwaka 1952 akaenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Elimu yake ikawa sauti ya majirani zake. Lakini ni nani waliomtuma? Ni watu wa Meru waliochanga fedha zao, na wengi wao hawakupata kukaa darasani. Hakuna aliyewauliza vyeti. Pasipo wao, msomi asingefika. Hivyo ndivyo ulivyo mwili wa Kristo: aliyesoma asiseme hana haja na asiyesoma, wala asiyefaulu asiseme hana kazi.

Ndugu walimu na wazee wa kanisa, twakiri kosa letu. Sisi nasi tumepata kuyasoma majina ya waliofaulu kwa sauti kubwa, tukanyamaza juu ya wengine. Tusiwanyime waliofaulu pongezi zao. Wamefanya kazi, na furaha yao ni haki. Lakini siku ile ile na tuwaite mbele vijana wote waliofanya mtihani, tuwaombee wote kwa majina yao. Kisha katika juma lile twende nyumbani kwa walioshindwa, si kwa hotuba, bali kuketi nao. Tushauriane nao juu ya kurudia mtihani, au chuo cha ufundi, au shamba, au biashara. Na kijana akisema kwamba haoni sababu ya kuishi, msimkemee wala msimwache peke yake hata saa moja. Kaeni naye, mwiteni mchungaji na wazazi, na kumpeleka kwa mganga wa hospitali. Aibu imepata kuua, wala tusijidanganye.

Binti yule tulimjibu kama tulivyoandika hapa, kwa maneno machache zaidi. Alisikiliza, akalifunga daftari lake, akasema atafikiri. Bado hajarudi kwaya. Jumapili iliyopita tulimwona ameketi benchi la nyuma karibu na mlango, na wimbo ulipoanza hakuimba. Lakini mama mmoja mzee aliyekuwa kando yake, asiyejua kusoma, alimpa kitabu chake cha nyimbo amfunulie ukurasa. Akamfunulia, wakakishika wote wawili.

Maswali ya kuzungumza katika darasa la kipaimara na katika umoja wa vijana:

1. Someni Luka 2:41-52. Yesu alifanya nini hekaluni, na nini Nazareti? Kazi zako za nyumbani ni zipi, nawe wazifanya kwa moyo gani?

2. Someni Danieli 1. Sala na kujifunza vilikwenda pamoja namna gani? Je, tuna haki ya kumwomba Mungu msaada katika mtihani tulioukusudia kuuibia?

3. Someni Galatia 3:26-29. Katika usharika wetu, ni nani anayeona haya kuketi mbele, na kwa sababu gani?

4. Tajeni kijana mmoja ambaye hajaonekana kanisani tangu matokeo yatangazwe. Ni nani kati yenu atakayekwenda kumwona juma hili, na siku gani?