Akipigwa nyumbani, tuseme nini na aende wapi?

Asubuhi bombani, Newala, mama amefika na ndoo, mtandio ameushusha hadi jichoni. Ukimuuliza, anasema kajigonga mlangoni. Pembeni wenzake wananong'ona: "Ugomvi wa ndoa huo. Labda alijibu." Sikiliza vizuri: katika maneno hayo aliyepiga hayumo kabisa. Jizoeze kumtaja: "Mumewe amempiga."

Kwani mume hana haki ya kumwadabisha mkewe? Hana. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataa mtu kumpiga mwenzi wake kama adhabu. Kumpiga ni kosa la jinai, yaani kosa la kushtakiwa mahakamani.

Basi tumwite nani? Magazeti huandika "mhanga", neno la kafara, kama kwamba amekwisha kutolewa. "Mwathirika" ni afadhali, ingawa linamwacha pale pale alipoumizwa. Watoa huduma wengi siku hizi husema "manusura", yaani aliyeokoka kwenye hatari. Mimi napenda hilo, lakini kama bado analala nyumba moja na anayempiga, "mwanamke anayepigwa" ndilo neno la kweli.

Akiamua kushtaki, aende kituo cha polisi, Masasi au Newala, aulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo maneno yana uzito, maana ndiyo yanayoandikwa. Akisema "tuligombana", litaandikwa gombano. Aseme: "Jana usiku mume wangu alinipiga kwa mpini wa jembe, mkono wa kushoto. Si mara ya kwanza." Nani, kwa kitu gani, wapi, lini. Nawe unayemsindikiza usimsemee. Mwache aseme mwenyewe, hata akikawia.

Ataomba PF3, fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, ambako daktari hujaza majeraha aliyoyaona. Fomu hiyo hailipiwi. Kama anavuja damu au amezimia, hospitali kwanza (kwa Masasi ni Mkomaindo), fomu itafuata.

Akiogopa polisi, aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au apige 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto inayopokea pia taarifa za ukatili wa kijinsia.

Gharama inayowakwamisha wengi ni nauli ya bodaboda kutoka kijijini. Akija kukuomba, mpe kwanza. Usimuulize alimkosea nini mumewe.