Utupa, Uchungu na Msunguti: Majina ya Mimea ya Sumu na Usalama wa Mtumiaji

Makala haya yanashughulikia swali la kimsamiati lenye uzito wa uhai: je, jina la mmea wa sumu humkinga anayelijua?

Msunguti ni mti mdogo wa kiasili unaomea katika vichaka na misitu mikavu ya Kenya. Magome, mizizi na matawi yake yakichemshwa kwa saa nyingi hutoa lami nyeusi ambayo Wakamba, Wagiriama na Waata waliipaka mishale yao. Kiini cha lami hiyo ni wabaini, kemikali inayovuruga mapigo ya moyo. Mfaransa Arnaud aliitenga mwaka wa 1888, na jina lake limetokana na neno la Kisomali, waabaayo. (Wanaoshikilia kwamba lugha za Kiafrika haziwezi kubeba sayansi wana la kujibu hapa.)

Wagiriama huiita sumu ya mshale utsungu, neno ambalo ni ndugu wa uchungu katika Kiswahili. Sumu lenyewe ni mkopo wa Kiarabu. Jina hilo laonya, lakini pia laweza kupotosha. Tunda bichi la msunguti ni sumu, ilhali lililoiva huwa na utamu na wapo wanaolila. Mtoto aliyefunzwa kwamba kila sumu ni chungu ataonja lililoiva, asione uchungu, kisha achume na mabichi. Ulimi basi usifanywe hakimu.

Utata ni mkubwa zaidi katika neno utupa. Kwa baadhi ya wazungumzaji, utupa ni kichaka ambacho majani yake hutwangwa na kutiwa majini ili kulevya samaki, uvuvi uliokatazwa na sheria za Kenya. Kwa wengine, utupa ni mnyaa, ule mti wa ua wenye vijiti vya kijani vinavyoonekana kama havina majani. Utomvu mweupe wa mnyaa hubabua ngozi, na ukiingia jichoni waweza kupofusha. Tabibu akiambiwa tu kwamba mtoto “amedhuriwa na utupa”, atatibu nini?

Anayekata ua wa mnyaa yafaa avae miwani na glavu, na watoto wakae mbali. Utomvu ukiingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi kwa dakika zisizopungua 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitalini. Aliyemeza sehemu ya mmea wa sumu asilazimishwe kutapika. Akimbizwe kwa daktari pamoja na tawi lenye majani, na tunda likipatikana. Anayempeleka alitaje jina la mmea, lugha yenye jina hilo na mahali ulipochumwa.

Kamusi nazo zina deni. Fasili isemayo “aina ya mti” na kukomea hapo haimsaidii mama aliyesimama mapokezini akiwa na mtoto mgongoni na tawi mkononi.