Chunga Mbegu Zako

Mama, mtoto wako amepona bwaki, na leo mnarudi nyumbani. Tulikuambia umpe maharagi na lenga-lenga kila siku. Lakini wengine hutujibu: "Mbegu hatuna. Tulizila zote wakati wa njaa." Halafu mtoto anarudishwa kwetu, miguu imevimba tena.

Kwa hiyo usichume bustani yote. Chagua miche minne ya lenga-lenga yenye nguvu, isiyo na ugonjwa, uifunge kamba ili watoto wasiichume. (Uwaambie na wakubwa pia!) Vichwa vikikauka, vikate, uvifikiche juu ya kitambaa. Mbegu zake ni ndogo sana, lakini konzi moja yatosha bustani nzima.

Maharagi yakaukie katika maganda, kisha uyaanike juani. Uma moja: jino likiingia, bado halijakauka. Changanya na majivu baridi yaliyochekechwa, utie katika chupa au kibuyu, uzibe sana. Majivu yanazuia wadudu.

Halafu mgawie jirani, naye akupe aina usiyo nayo. Panya wakila zako, utazikuta kwake. Muulize amezitoa wapi. Maharagi ya aina mbili hayachanganyiki sana, hata yakipandwa karibu. Lakini nyuki huchanganya maboga, na boga utakalopata huenda lisifanane na la jirani.

Ukipewa mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi, zipande tu. Usizipike hata ukiziosha, wala usiwape kuku. Ni sumu. Kisha nawa mikono kwa sabuni.