Ukienda Beaulieu Kutazama Magari ya Zamani

Wageni wengi wakifika Beaulieu, kusini mwa Uingereza, hukimbilia ukumbi wa magari. Wewe anzia Palace House, nyumba ya ukoo wa Montagu, maana makumbusho yalizaliwa humo. Mwaka 1952 Lord Montagu aliweka magari matano kwenye ukumbi wa mbele wa nyumba yake ili kumuenzi baba yake, John, aliyelitetea gari wakati Waingereza wengi wakiliona ni balaa la kushtua farasi. Sasa magari na pikipiki zimepita 250, na tangu mwaka 1972 hapa ndipo Makumbusho ya Taifa ya Magari.

Huyo John ana kisa kingine. Inaaminika kwamba kisanamu cha mwanamke kilicho juu ya boneti ya Rolls-Royce kilichongwa na Charles Sykes kwa sura ya Eleanor Thornton, katibu wa John. Desemba 1915 wawili hao walikuwa safarini kuelekea India, meli yao Persia ikazamishwa na nyambizi ya Wajerumani katika bahari ya Mediterania. John alinusurika, Eleanor akafa maji. Ukikijua kisa hiki, hutapita haraka mbele ya Rolls-Royce yoyote humo ndani.

Kisha nenda kwenye magari ya kuvunja rekodi. Golden Arrow ya Henry Segrave ilifika kilomita 372 kwa saa mwaka 1929. Bluebird ya Donald Campbell, yenye injini ya tabo kama ya ndege, ilipita 640 mwaka 1964 kwenye ziwa kavu la chumvi huko Australia. Kwangu mimi, hayo mawili pekee yanatosha kulipia nauli. Tazama tu, kugusa hakuruhusiwi.

Tiketi moja hukuingiza kwenye makumbusho, nyumba, bustani na magofu ya monasteri iliyoanzishwa mwaka 1204. Inunue mtandaoni kabla ya safari, na utenge siku nzima. Ukichoka, panda treni ndogo ya reli moja inayopita juu ya bustani na kukatiza ndani ya jengo la magari.

Kutoka London, panda treni stesheni ya Waterloo hadi Brockenhurst, mwendo wa saa moja na nusu hivi, kisha teksi. Mwambie dereva “Byuli”, ndivyo wenyeji wanavyopatamka. Panga naye kabisa saa ya kukurudisha, kwani huko ni shamba. Ukiendesha mwenyewe, punguza mwendo, hasa jioni: ndani ya msitu wa New Forest punda, ng’ombe na farasi wadogo huzurura barabarani bila mchungaji.

Anayetafuta spea za gari kuukuu aende Septemba, kwenye gulio kubwa linalofanyika tangu mwaka 1967. Wiki hiyo vyumba vya kulala hugombaniwa, hivyo weka nafasi miezi kadhaa kabla.