Mbwa Mwenye Kansa ya Mfupa na Utunzaji Wake Akikatwa Mguu

Huenda wakulima wengine watacheka wakiona somo la mwezi huu. Tumezoea kufundishana habari za ndigana, ugonjwa wa midomo na miguu, na ugonjwa wa kiwele. Mbwa hutajwa siku ya chanjo tu. Lakini tangu mashamba ya skimu ya Ekari Milioni yalipoanza kugawanywa mwaka 1962, ni maboma machache sana yaliyokaa bila mbwa, maana nyumba zetu ziko mbalimbali na usiku ni mrefu. Mkulima akiambiwa kwamba mbwa wake ana kansa, na kwamba hapana budi mguu ukatwe, hilo si jambo dogo katika nyumba yake. Mimi niliambiwa hivyo juu ya mbwa wangu Tomi. Nitaeleza niliyojifunza, pamoja na makosa yangu.

Tomi alikuwa mbwa mkubwa, mwenye umri wa miaka minane. Alianza kuchechemea mguu wa mbele wa kulia. Nilitafuta mwiba katika unyayo, nisiuone. Nikadhani amenaswa na kitanzi cha waya huko kwenye kichaka. Nikamkanda mguu kwa maji ya moto, halafu nikampa vidonge vya maumivu tulivyokuwa navyo nyumbani, vya watu. Akatapika siku mbili. Baadaye nilifundishwa kwamba vidonge kama ibuprofeni huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na hata dawa nyingine za maumivu zinazotufaa sisi zaweza kumdhuru. Usimpe mbwa dawa ya binadamu kwa kukisia. Kumkanda pia lilikuwa kosa, kwa sababu mfupa wenye kansa huwa dhaifu, nao waweza kuvunjika kwa kuruka mtaro tu.

Nilipoteza wiki sita kwa namna hiyo. Ndipo ukatokea uvimbe mgumu juu kidogo ya kifundo cha mguu, na siku moja mtoto wangu mdogo alipougusa, Tomi akanguruma. Hakuwahi kumngurumia mtoto. Jirani mmoja akasema ni kichaa cha mbwa, naye hakukosea kuogopa: mbwa anapobadili tabia ghafula, watoto wawekwe mbali naye na daktari wa wanyama aitwe, hasa kama hana chanjo. Tomi alikuwa na chanjo ya mwaka ule. Alinguruma kwa sababu ya maumivu.

Basi shika jambo hili: mbwa akichechemea zaidi ya wiki mbili, na hakuna mwiba wala jeraha, usingoje tena. Kansa ya mfupa huwapata zaidi mbwa wakubwa wa mwili, na mara nyingi wakiwa na miaka saba hadi kumi, ingawa mara chache huonekana hata kwa mbwa wa mwaka mmoja na nusu au miwili. Katika miguu ya mbele hupenda kukaa karibu na bega au juu ya kifundo, mbali na kiko. Katika miguu ya nyuma hukaa karibu na goti. Haiambukizi watu wala ng'ombe. (Kuna kansa nyingine inayoambukizana kati ya mbwa na mbwa wakati wa kupandana, nayo huonekana sehemu za uzazi. Hiyo ni tofauti, na mara nyingi hupona kwa sindano.)

Daktari alimpiga Tomi picha ya eksirei. Mfupa ulionekana umeliwa kama mti wenye mchwa, na pembeni yake mfupa mpya umeota ovyo. Alipiga picha ya kifua pia, na kwa sindano akachukua kipande kidogo cha mfupa kipimwe, kwa kuwa maradhi mengine ya mfupa huweza kufanana na kansa katika picha. Usikubali mguu ukatwe kabla kifua hakijatazamwa. Kama uvimbe umekwisha kuonekana katika mapafu, kwa kawaida haifai kumtia mbwa katika mateso ya kisu. Vilevile mbwa mzito sana, au mwenye miguu mingine mibovu, huenda asiweze kusimama kwa mitatu.

Kisha daktari alinieleza ukweli, nami namshukuru kwa hilo. Kansa hii ikigunduliwa, karibu kila mara mbegu zake zimekwisha kufika mapafuni, ila ni ndogo mno kuonekana katika picha. Kwa hiyo kukata mguu huondoa maumivu, hakuondoi kansa. Mbwa waliokatwa mguu tu, nusu yao hufa katika miezi minne au mitano. Wakiongezewa dawa za kansa, kwa kawaida kila wiki tatu kwa mara nne hadi sita, nusu yao hufikia miezi kumi au mwaka mmoja, na kama mmoja katika watano hupita miaka miwili. Dawa hizo si za kila kituo, na bei yake ni kubwa. Mahali pa kuuliza ni kama hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete. Mbwa akipewa, mkojo wake na mavi yake kwa siku kadhaa visishikwe kwa mikono mitupu, na watoto wasichezee pale alipojisaidia.

Nilirudi nyumbani nikiwa na mawazo mengi. Mzee mmoja jirani aliniambia, “Kijana wangu, mbwa wa miguu mitatu atalinda nini?” Nilikuwa na karo ya muhula wa pili mbele yangu. Mke wangu alikaa kimya mpaka jioni, kisha akasema, “Baba watoto, dawa za Nairobi hatuziwezi. Lakini ndama dume tunaye, na huyu mbwa halali usiku kwa maumivu.” Tukauza ndama. Mguu ukakatwa, dawa za kansa hatukununua. Mwenye nyumba mwingine angeamua vingine, hata kumlaza mbwa moja kwa moja, na hilo si ukatili. Ukatili ni kumwacha achechemee mpaka mfupa uvunjike.

Mguu wa mbele hukatwa wote pamoja na bega, na wa nyuma hukatwa kwenye nyonga au juu ya paja, ili kisiki kisibaki cha kujigonga. Nilitazamia kumwona Tomi akilala wiki nzima. Kesho yake alisimama, akaanguka, akasimama tena. Mbwa hubeba uzito zaidi kwa miguu ya mbele, kwa hiyo aliyekatwa wa mbele huchukua siku zaidi kujifunza. Mke wangu alikunja gunia, akalipitisha chini ya kifua chake, akamtegemeza alipokwenda kujisaidia.

Siku kumi hadi kumi na nne za kwanza, kabla nyuzi hazijatolewa, ndizo za kazi. Mbwa alale ndani, mahali pakavu, juu ya magunia safi, na sakafu isiteleze. Tazama kidonda asubuhi na jioni. Weusi na uvimbe laini kidogo si ajabu. Usaha, harufu mbaya au mshono kufunguka ni habari ya kumpelekea daktari siku ile ile. Katika mashamba yetu yenye ng'ombe adui mkubwa ni nzi, maana hutaga katika kidonda na funza hutoka upesi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isiguse kidonda hata kidogo. Na mbwa asikilambe: sisi tulitoboa tako la ndoo kuukuu ya plastiki, tukalainisha kingo kwa kitambaa, tukaifunga kwenye ukosi wake. Dawa ya maumivu mpe kama ulivyoandikiwa, mpaka iishe. Pengine mbwa hulia ghafula akigeukia mguu usiokuwapo. Mwambie daktari, yako madawa ya jambo hilo.

Baada ya hapo usimnenepeshe kwa kumhurumia. Mbavu zake zipapasike chini ya ngozi, kwa kuwa miguu mitatu inafanya kazi ya minne. Kucha zikatwe fupi, asirushwe kutoka kwenye pikapu, na asifungwe mnyororo mrefu wa kumtega. Chanjo ya kichaa iendelee kila mwaka kama kawaida.

Watoto waliniuliza kama mguu utaota tena. Niliwaambia hapana, na kwamba Tomi hatakaa sana. Walilia siku ile, lakini hawakuniuliza tena kwa hofu.

Alilinda kwa miezi saba. Hakuweza kukimbiza nyani kwenye mahindi, bali usiku alibweka kabla ya mgeni kufika kwenye mti wa tatu wa njia, na mzee yule jirani alisimamishwa langoni mara mbili. Mwezi wa nane akaanza kukohoa, akakonda, akaacha chakula. Nilijua ni mapafu. Daktari alikuja nyumbani akamchoma sindano ya kumlaza. Alilala huku mke wangu amemshika kichwa.

Sumu ya sindano hiyo hubaki katika nyama. Mnyama akifukua mzoga na kuula, naye huweza kufa. Tulichimba shimo la futi tano, mbali na kisima, chini ya mstari wa mikaratusi, na kabla ya giza tukaweka mawe mazito juu, maana upande wetu fisi hupita kila usiku.