Matege ya Urithi na Umbo la Kichwa

Jua halikosekani Nyanchwa, wala maziwa hayakosekani Borabu. Kwa hiyo mzazi akaaye kwenye kilima kile juu ya mji wa Kisii, au mkulima wa skimu mwenye ng'ombe wake wa gredi, hushangaa akiona miguu ya mtoto wake inapinda kama upinde. Huambiwa amwoteshe jua, ampe maziwa na omena. Shauri hilo ni jema, kwa maana matege mengi hutokana na upungufu wa vitamini D au wa kalsiamu. Lakini yako matege mengine, machache, yapata mtu mmoja katika 20,000, ambayo hayaponi kwa jua wala kwa maziwa. Hayo ni ya urithi.

Mkulima aijua fosfati: imo katika mbolea ya DAP atiayo shimoni wakati wa kupanda mahindi. Ng'ombe aliyeikosa hutafuna mifupa ya kuokota. Mtoto huyu hula fosfati ya kutosha, lakini figo zake huimwaga katika mkojo, mithili ya tangi lenye bomba lisilofungika. Basi mifupa yake haipati ugumu.

Watu hutazama miguu tu. Yafaa kutazama kichwa pia. Fuvu la mtoto mchanga ni vipande kadhaa, na kati yao mna maungio laini yanayoliacha lipanuke kadiri ubongo unavyokua. Ungio moja hupita katikati ya kichwa, kutoka utosini kwenda kisogoni. Katika matege ya upungufu wa chakula au jua, utosi hukawia kufunga, na paji hutokeza pande mbili hata kichwa huelekea kuwa cha mraba. Katika matege ya urithi, ungio lile huweza kufunga mapema mno. Ni ajabu kwamba mifupa laini iwahi kushikana, lakini ndivyo ilivyo. Kichwa kikizuiwa kupanuka kwa upande, hurefuka mbele na nyuma. Ukikitazama kutoka juu ni chembamba kama mtumbwi. Paji hutokeza, na sehemu ya uso iliyo chini ya macho haikui sawasawa, hata uso huonekana bapa. Si watoto wote huwa hivyo. Tena angalia meno: jino lisilo na tundu huweza kufanya jipu ufizini.

Akili ya mtoto kwa kawaida ni timamu. Ila ubongo ukikosa nafasi hubanwa, naye huumwa kichwa mara kwa mara, hutapika, na macho hufifia. Hapo apelekwe hospitali mara moja. Abagusii wana sifa ya zamani ya ababari, waganga waliofungua fuvu la mtu aliyeumia kichwani. Lakini kazi hii ni ya daktari wa upasuaji aliyekwisha kuona picha ya fuvu.

Urithi huu una njia yake. Baba mwenye ugonjwa huwarithisha binti zake wote, wala hakuna mwanawe wa kiume aupataye kwake. Mama akiwa nao, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi moja katika mbili. Sasa fikiri jinsi mambo yalivyo katika nchi ambamo binti huolewa nje ya ukoo. Baba hubaki na wana wazima, na ugonjwa huenda na binti zake kwenye maboma ya watu. Huko mama husemwa kwamba amemnyima mtoto chakula, au kwamba pana uchawi. Pengine yeye mwenyewe ni mfupi na miguu yake imepinda kidogo, wala hajui sababu. Mara nyingine ugonjwa huanza kwa mtoto ambaye wazazi wote wawili ni wazima.

Daktari hupima fosfati katika damu na mkojo. Dawa ni fosfati, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, pamoja na vitamini D ya namna maalumu. Ikizidi huharibu figo. Tangu 2018 iko pia sindano iitwayo burosumab, lakini bei yake ni ghali mno. Dawa ikianzwa mapema husaidia miguu kunyooka. Haifungui ungio la fuvu lililokwisha kufunga.

Chumvi ya ng'ombe na DAP mtoto asipewe kamwe, hata kama gunia limeandikwa fosfati. Na mzazi afikapo kliniki, aeleze habari za babu mzaa mama na za wajomba, si za miguu peke yake.